Kuhesabu Nyufa za Miamba Kabla ya Kuchimba Kisima

Ndugu mkulima, kama unaishi Dodoma, Singida au Tabora, unajua kwamba sehemu nyingi huko, chini ya udongo, kuna mwamba mgumu wa graniti. Mwamba mzima hauna maji. Maji hukaa katika sehemu yake ya juu iliyooza, na katika nyufa. Mtambo ukizikosa nyufa hizo, kijiji kimeshachanga fedha na kinabaki na shimo kavu.

Sasa je, tutazijuaje nyufa za chini? Hatuzioni. Lakini zile za kwenye majabali yaliyojitokeza zinaonekana, na zinahesabika.

Mtaalamu hulaza kamba ya kupimia juu ya jabali. Kila ufa unaokatiza kamba anaupima kwa dira: unaelekea wapi, una urefu gani, na uko mbali kiasi gani na ule unaofuata. Asichague ule mkubwa unaovutia macho. Apime zote, hata zifike mia na zaidi. Kisha huzigawa katika mafungu ya nyuzi 10 na kuchora mchoro unaofanana na ua. Jani refu la ua hilo ndilo upande wenye nyufa nyingi.

Hapo kuna mtego. Tuseme ufa mmoja una nyuzi 10, mwingine 170. Ukijumlisha na kugawa kwa 2 unapata 90, yaani mashariki. Uongo mtupu! Nyufa zote mbili zinaelekea karibu na kaskazini, maana ufa hauna kichwa wala mkia. Dawa yake ni kuzidisha kila pembe kwa 2: 20 na 340. Katikati yake kwenye duara ni 0. Gawa kwa 2, bado ni 0: kaskazini kamili.

Tena, kamba ikilala sambamba na nyufa, haizikatizi, nazo zitaonekana chache. Mwaka 1965 Ruth Terzaghi alieleza namna ya kusahihisha hesabu hiyo. Njia nyepesi ni kulaza kamba mbili zinazopishana.

Mahali nyufa za pande mbili zinapokutana pana matumaini, ila si hakika: nyingine zimejaa udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo mwombeni mtaalamu apime pia kwa umeme kabla ya kuchimba. Na choo kisiwe karibu na kisima, hasa upande wa juu au kwenye mstari wa nyufa hizo, kwani uchafu hupita humo upesi kuliko unavyopita kwenye mchanga.