Je, Wajua? Picha Ina Sura, Jina Halimo

Kwamba kuna mnyama wa milima ya Udzungwa, inayopakana na Bonde la Kilombero, ambaye wataalamu walimjua kwanza kwa picha? Mwaka 2005, kamera za kujifyatua zilizotegwa msitu wa Ndundulu zilimnasa sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye uso wa kijivu na matako meusi. Hakuwamo katika kitabu chochote cha wanyama. Lakini picha haikutosha. Mwaka 2006 watafiti, wakiwamo Francesco Rovero na Galen Rathbun, walipanda kumkamata, wakampima na kumlinganisha na sange wengine, na jina lake la kisayansi, Rhynchocyon udzungwensis, likachapishwa 2008. Ana gramu 700 hivi. Hakuna sange anayejulikana aliye mkubwa kumzidi. Picha ilisema yupo. Ni nani, haikusema.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Je, wajua kwamba anayetafuta sura ya Ifakara, mji wa bonde hilohilo, ya miaka ya 1950 hana budi kubisha hodi Basel, Uswisi? Profesa Rudolf Geigy alifika Ifakara 1949, na 1957 akafungua maabara ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kumbukumbu nyingi za kazi hiyo zilikwenda Basel. Kwa maoni yangu, jambo la haraka si kuzidai karatasi zenyewe. Nakala zipelekwe Ifakara sasa, wazee wangali hai, waguse picha kwa kidole na kusema: "Huyu ni marehemu mjomba, na yule nyuma ni dereva wa misheni."

Kwamba picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 hugeuka nyekundu hata zikifungiwa sandukuni? Rangi yake ya samawati ndiyo hufa kwanza, wekundu ukabaki. Tena uso wa picha umepakwa jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa ya mifugo, na kuvu wanaipenda mno, hasa katika bonde lenye unyevu na mafuriko kama Kilombero. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, mbali na sakafu na ukuta. Nyuma andika majina kwa penseli laini, maana wino hupenya. Wengi wetu tuliandika "Ukumbusho wa Idi" tu, kana kwamba Idi ilikuwa moja na waliosimama pale wasingesahaulika.

Kwamba karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapigapicha walichora ndege na meli kwenye mandhari ya studio zao, mteja akatoka na picha ya safari asiyowahi kusafiri?

Na picha yako ukisubiri pantoni Mto Kilombero? Itunze. Daraja la Magufuli juu ya mto huo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa 2018, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo akiiona atauliza kwanza basi linafanya nini juu ya maji.