Presha ya Mbwa Aliyelazwa Usingizi

(Muziki unashuka.)

Mama mmoja ameuliza: mbwa akipelekwa kuhasiwa, mbona daktari wa mifugo anamfunga mkanda wa presha? Kwani mbwa naye ana presha?

Anayo, mama. Sisi watu tunaogopa presha kupanda, lakini kwa mbwa aliye usingizini hofu kubwa ni kushuka. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa ya damu na kuupunguzia moyo nguvu. Ni kama bombani kwetu: maji yamo tangini, lakini msukumo ukiwa mdogo ndoo haijai. Damu ikikosa msukumo, figo huumia. Mbwa anaweza kuamka vizuri, mkarudi naye nyumbani, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kutapika na kukataa chakula. Kwetu ilitokea hivyo, na mjomba akagombana na jirani kwamba katega sumu. Presha ya mbwa pale mezani hakuna aliyeiuliza.

Mkanda hufungwa mguuni au kwenye shina la mkia. Upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mahali hapo. Ukiwa mwembamba mno, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na daktari hutulia kumbe mbwa anazidiwa. Ukiwa mpana mno, husomeka chini. Ndiyo maana utamwona anabadilisha mikanda. Wala usishangae mbwa mdogo akifungwa mkanda wa watoto wachanga.

Kipimo hurudiwa kila dakika 5 hivi na kuandikwa. Presha ya wastani ikishuka chini ya 60, au ile ya juu chini ya 90, daktari hupunguza dawa, huongeza maji mshipani, na humpasha mbwa joto. Kushika mapigo pajani kunasaidia, lakini hakutoshi, kwa maana mapigo yanaweza kugonga vizuri kidoleni na presha iko chini.

Wewe mwenye mbwa, kama ameharisha, ametapika au ametoka damu siku hizo, mwambie daktari kabla hajachomwa sindano, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji hushuka presha upesi. Muulize pia nani atakayeangalia presha yeye akiwa anapasua.

Mwenye swali jingine, sanduku letu lipo mlangoni pa studio.

(Muziki unapanda.)