Kijana mwenye ulemavu wa akili akimaliza shule, ni kazi ya nani?

UZI. Kila kampeni tunaahidiwa "tutawajali watu wenye ulemavu." Sawa, lakini nani hasa, na kwa pesa gani?

1/ Kwanza, ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni mtu ambaye kujifunza, kuelewa na kujitegemea kunamwia vigumu tangu utotoni. Hangoji kupona. Anahitaji usaidizi.

2/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iligawa kazi. Elimu maalum ni ya serikali kuu. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti ni za kaunti.

3/ Kwa hivyo gavana akisema shule maalum si yake, hadanganyi. Lakini shule ikiisha, kijana anarudi nyumbani na mama anafunga kibanda ili amchunge. Hapo "si yetu" haitoshi. Chuo cha ufundi ni cha kaunti.

4/ Kaunti hufuata mpango wa miaka 5, ule tunaita CIDP. Wa sasa ni 2023–2027. Mpango wa kila mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kisichoandikwa humo ni vigumu kukipatia pesa.

5/ Kiti cha magurudumu kikitolewa, picha zinapigwa. Mwalimu wa kumfundisha huyu kijana ushonaji polepole hana picha, ana mshahara kila mwezi.

6/ Wakiita kikao cha maoni ya umma, enda uulize: huyo mwalimu yuko ukurasa gani, na ni shilingi ngapi?