Kongwa: Mradi Uliojibu Kabla ya Kuuliza

Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukitafuta ardhi ya kulima karanga. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa ya mgao. Ujumbe ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa, katika mkoa wa Dodoma wa leo.

Kongwa ilipendwa kwa kuwa ilikuwa na watu wachache. Sababu ya uchache huo Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, waliijua: maji. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, lakini wastani huo haumsaidii mkulima, kwani mvua huweza kukatika katikati ya msimu, mazao yakiwa bado machanga. Ndiyo maana Mgogo alilima uwele na mtama, akafuga ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka mwaka ukiwa mbaya. Njaa ya Mtunya, iliyoanza wakati wa vita vya 1914–1918, ilikuwa bado ndani ya kumbukumbu za wazee waliokuwa hai.

Udongo nao ulikuwa na tabia yake. Ukikauka hushikamana kama saruji, na karanga huzaa chini ya ardhi. Lengo la 1947 lilikuwa ekari 150,000; zilizopandwa hazikufika 8,000. Januari 1951 mradi ulifungwa, na pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni.

Husemwa kwamba waandaaji wa mradi hawakufanya utafiti. Walifanya, ila ekari na ratiba zilipokwisha kupitishwa London, hakuna jibu la mzee wa Kongwa lililoweza kuzipunguza. Hapo ndipo ninapoona hatari hata leo. Andiko la mradi lina sura nzima ya uchambuzi wa hali halisi, lakini mara nyingi sura hiyo huandikwa bajeti na viashiria vikiwa vimeshakubaliwa. Mkutano wa kijiji huitishwa, wanaume wachache huzungumza, na mama anayepalilia na kuchota maji husaini mahudhurio tu.

Hata mradi unaofanikiwa huweza kuwatwika wenyeji gharama. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden, mwaka 1979 uliondoa mifugo yote katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Makorongo yalirudi kuwa na majani, na hilo ni jambo kubwa; lakini wafugaji ndio waliobeba mzigo wa kutafuta malisho kwingine. Tofauti na huo, mradi wa Kisiki Hai wa mkoani Dodoma ulianza na kilichokuwepo shambani: visiki ambavyo mizizi yake haijafa. Mkulima huchagua machipukizi, huyapogoa na kuyalinda. Hahitaji miche wala maji ya kumwagilia.

Kwa hiyo wafadhili na wizara zinazopanga miradi Dodoma wafike vijijini kabla ya bajeti kufungwa. Waende Oktoba, visima vikiwa vimekauka, wasiende Februari peke yake wakati kila kitu ni kijani. Na mkataba uwe na kifungu kinachoruhusu mradi kupunguzwa au kuachwa, ikiwa wenyeji watasema haufai.