Picha Moja Si Ramani: Droni Inavyopima Shamba

Nyoosha mkono, inua kidole gumba, kisha fumba jicho moja. Sasa badili jicho. Kidole "kimeruka", ila ukuta wa nyuma umetulia karibu palepale. Cha karibu huruka sana, cha mbali huruka kidogo. Kanuni hiyo ndiyo inayogeuza picha za angani kuwa ramani, na kitaalamu inaitwa fotogrametria.

Kwa nini picha moja haitoshi? Kwa sababu mti ulio katikati ya picha unauona kwa juu, lakini wa pembeni unaonekana kama umelala. Hivyo droni hupiga mamia ya picha, kila moja ikirudia asilimia 70 hadi 80 ya eneo la iliyotangulia. Programu kama OpenDroneMap, ambayo ni ya bure, hutafuta alama zilezile katika picha tofauti: kona ya bati, jiwe, kisiki. Kwa kuangalia kila alama imeruka kiasi gani, inakokotoa kamera ilikuwa wapi na alama iko kimo gani. Kisha picha hunyooshwa na kuunganishwa. Kuanzia 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa njia hii, wanafunzi wa SUZA wakiwa miongoni mwa warushaji.

Sasa tuseme tunapima mashamba ya mikorosho Nakapanya, kwenye barabara ya Tunduru kwenda Mangaka. GPS ya kawaida ya droni hukosea mita kadhaa. Ramani inaweza kupendeza kabisa, kumbe yote imesogea mita 3. Kwenye mpaka wenye urefu wa mita 200, hizo ni mita za mraba 600: kiwanja kizima cha nyumba kimehamia kwa jirani!

Dawa yake ni kuchora alama za chokaa ardhini kabla ya kurusha, na kuzipima kwa kifaa cha wapima ardhi chenye usahihi wa sentimita. Nyingine usiipe programu. Zitunze za kukagulia ramani ikishakamilika.

Hata hapo kazi haijaisha. Droni inaona mstari wa mikorosho, haioni nani aliupanda. Kwa hiyo kabla ya kuchora mpaka, waite majirani wa pande zote mbili wasimame pale shambani, wauoneshe wenyewe.