King'amuzi kimoja, televisheni mbili: Inawezekana, lakini kaeni kikao kwanza

Ikifika saa mbili usiku, sebule katika nyumba nyingi hugeuka bunge. Baba anataka taarifa ya habari, vijana wanataka mpira, na mama ana tamthilia yake ambayo hajaikosa tangu ianze. Chumba cha nyuma yupo bibi, ambaye magoti hayamruhusu tena kukaa muda mrefu kwenye kochi. Anayo televisheni aliyonunuliwa na mwanawe, lakini haina king'amuzi. Akisikia kelele za goli hupaza sauti: "Jamani wajukuu zangu, nani kafunga?" Mara nyingine hakuna anayemjibu.

Familia ya namna hii ina njia mbili. Ya kwanza ni kununua king'amuzi cha pili na kukilipia. Ya pili ni kutumia kilekile kilichopo sebuleni kupeleka picha chumbani. Njia hii ya pili inawezekana, na picha hufika ikiwa na ung'avu wa HD. Lakini ina sharti moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshatoa fedha: televisheni zote mbili zitaonyesha kitu kimoja.

Kwa nini kitu kimoja?

Zamani antena moja juu ya paa iliweza kugawiwa kwa televisheni mbili au tatu, na kila moja ikachagua chaneli yake. Baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, kazi ya kuchagua chaneli ilihamia ndani ya king'amuzi. King'amuzi cha kawaida hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja. Ukikigawa kwa televisheni kumi, zote kumi zitaona hiyo moja.

Kwa hiyo kama ugomvi wa nyumbani ni baba kutaka habari na vijana kutaka mpira, waya hautausuluhisha. Hapo king'amuzi cha pili ndiyo dawa. Baadhi ya kampuni huruhusu kuunganisha ving'amuzi zaidi ya kimoja kwenye malipo ya familia moja kwa nyongeza ya ada. DStv, kwa mfano, huduma hiyo huiita XtraView. Ulizia kwanza kwa kampuni yako kabla ya kununua.

Lakini kama shida ni bibi kukosa kile ambacho wengine wanakiona, king'amuzi kimoja kinatosha.

Waya upi unafaa

Waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, haupitishi picha ya HD. Picha itafika, ila itakuwa na ukungu, na maandishi madogo hayatasomeka vizuri, hasa kwa macho ya mzee. Picha ya HD kutoka kwenye king'amuzi hupita kwenye waya wa HDMI.

Kwa kuwa ving'amuzi vingi vina tundu moja tu la HDMI, huhitajika kigawanyio, ambacho madukani huitwa splita. Hiki huingiza waya mmoja na kutoa miwili. Kuwa makini dukani, kwani kipo kifaa kingine kinachofanana nacho kiitwacho swichi. Swichi hufanya kinyume chake: hupokea nyaya kutoka vifaa viwili au vitatu na kuvipeleka kwenye televisheni moja. Mwambie muuzaji unataka "moja kuingia, mbili kutoka", na uchague chenye waya wake wa umeme.

Umbali nao una sauti yake. Waya wa kawaida wa HDMI hufanya kazi vizuri kwa mita chache. Ukizidi mita 10 hivi, picha huweza kuanza kukatika au kupotea kabisa. Chumba kikiwa mbali, wapo mafundi wanaotumia visanduku viwili, kimoja cha kutuma na kingine cha kupokea, vikiunganishwa kwa waya wa mtandao wa Cat6. Vingi vya aina hiyo hufikisha picha ya HD umbali wa mita 50 au zaidi.

Vipo pia visivyotumia waya. Hivyo hupunguza kazi ya kutoboa kuta, lakini kuta za tofali na zege hudhoofisha mawimbi yake. Kama duka linakubali, jaribu kwanza nyumbani kwako kabla ya kumaliza malipo.

Skrini ikiwa nyeusi

Usikimbilie kusema umeuziwa kifaa kibovu. Vipindi vingi vya kulipia hulindwa na mfumo uitwao HDCP, ambao hukagua kama kila kifaa kwenye mnyororo kinaruhusiwa kupokea picha. Kigawanyio au televisheni isiyoutambua mfumo huo inaweza kuonyesha giza. Sababu nyingine ni televisheni moja kuwa ya zamani na kushindwa kupokea kiwango cha picha ambacho nyingine inakiweza. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, chagua kiwango ambacho zote mbili zinakiweza, kwa mfano 720p.

Chomoa umeme kabla ya kuchomeka nyaya. Usiache waya ukikatiza sakafuni anapopita mzee au mtoto. Mpitishe fundi pembeni mwa ukuta, mbali na nyaya za umeme. Rimoti nayo haipenyi ukuta, hivyo bibi hataweza kubadili chaneli akiwa chumbani, mpaka liwekwe jicho la ziada la kupokea rimoti. Visanduku vingi vya kutuma picha huja nalo.

Na usivutwe na wazo la kumpelekea jirani waya au kuuonyesha mpira kibandani kwa kiingilio. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumba moja.

Chumba cha nani?

Hapa ndipo kikao cha familia kinapohitajika. Televisheni ya pili ikiwekwa chumba cha watoto, kila wanachotazama wakubwa sebuleni usiku kitaonekana na huko pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Televisheni ya chumbani hufanya saa hiyo iwe ngumu kuhesabu.

Akiwekewa bibi, kubalianeni pia nani anashika rimoti na saa ngapi. Kama anapenda taarifa ya habari, sebule iheshimu saa mbili yake, kwa sababu mtu akibadili chaneli huku, amembadilishia na yeye bila kumuuliza.

Na hata picha ikifika safi kabisa, mjukuu mmoja aende akakae naye kitandani kipindi cha pili. Bibi alikuwa akiuliza nani kafunga, lakini alikuwa anataka pia mtu wa kumjibu.