Wajibu wa Wakurugenzi katika Kampuni za Kijamii

Vikundi vingi vya wakulima, vijana na akina mama hufikia hatua ya kujisajili kuwa kampuni ili viweze kukopa benki, kuomba zabuni na kumiliki mali. Wanaochaguliwa kuwa wakurugenzi huwa watu wanaoheshimika kijijini, kama vile mwalimu mstaafu, mchungaji au mwenyekiti wa kikundi. Wengi hukubali wakidhani kuwa ni kazi ya kujitolea tu. Kisheria, mtu anapokuwa mkurugenzi, alipwe asilipwe, huwa na wajibu unaoweza kumfikisha mahakamani na kumgharimu mali yake binafsi.

Lengo la jamii kisheria

Nchini Marekani, majimbo mengi yana sheria ya kampuni zinazotafuta faida huku zikitumikia jamii. Jimbo la Maryland lilitangulia mwaka 2010. Hapa Kenya, kampuni za kijamii huongozwa na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015. Kifungu cha 143 kinamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema ili kampuni ifaulu kwa manufaa ya wanachama wote, huku akizingatia wafanyakazi, wateja, jamii, mazingira na matokeo ya muda mrefu. Ikiwa kampuni iliundwa kwa lengo lingine zaidi ya kuwanufaisha wanachama, wajibu wa mkurugenzi huwa kutimiza lengo hilo.

Chukua mfano wa kampuni ya kukusanya maziwa. Katiba yake ikisema kuwa iliundwa ili kuwapatia soko wakulima wadogo, wakurugenzi wanaoamua kuendelea kuchukua maziwa katika vijiji vya mbali, hata kama faida itapungua, wana msingi wa kisheria. Katiba ikiwa kimya, uamuzi huo utapimwa kwa manufaa ya wanachama. Kwa sababu hiyo, lengo la jamii lafaa kuandikwa waziwazi kwenye katiba ya kampuni.

Majukumu makuu

Kando na wajibu huo, mkurugenzi anatakiwa:

• Kufuata katiba ya kampuni na kutumia mamlaka yake kwa kazi iliyokusudiwa pekee.
• Kuamua kwa akili yake mwenyewe, bila kuwa mhuri wa mwenyekiti au mfadhili.
• Kuwa mwangalifu na mwenye bidii.
• Kuepuka mgongano wa maslahi.
• Kutopokea zawadi au malipo kutoka kwa watu wa nje kwa sababu ya cheo chake.
• Kuwatangazia wakurugenzi wenzake maslahi aliyo nayo katika mkataba wowote wa kampuni.

Jukumu la uangalifu huwanasa wengi. Mkurugenzi aliyetia sahihi hesabu bila kuzisoma hawezi kujitetea kwa kusema hakujua. Sheria humpima kwa kiwango cha mtu makini mwenye kazi kama yake. Akiwa na ujuzi wa ziada, kwa mfano uhasibu, hutarajiwa kuutumia.

Mgongano wa maslahi nao huanza kidogo kidogo. Turudi kwenye kampuni ya maziwa. Mkurugenzi mmoja ana pikapu, na kampuni inahitaji gari la kubeba maziwa. Si lazima anyimwe kazi hiyo, lakini ni lazima awaeleze wenzake kwamba gari ni lake na malipo ni kiasi gani, kabla ya mkataba kufungwa. Maelezo hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Akinyamaza, mkataba unaweza kubatilishwa na yeye kuamriwa arudishe faida aliyopata.

Nani anaweza kumshtaki?

Mkurugenzi huwajibika kwa kampuni yenyewe. Mkazi asiye mwanachama hawezi kumshtaki kwa kukiuka majukumu haya, hata kama kampuni iliundwa kwa ajili ya kijiji chake. Kampuni ndiyo hushtaki. Wakurugenzi wakikataa kuchukua hatua, mwanachama anaweza kuomba ruhusa ya mahakama aendeshe kesi kwa niaba ya kampuni. Wanachama pia wanaweza kumwondoa mkurugenzi kwa kura ya wengi katika mkutano mkuu.

Kipengele chochote kwenye katiba kinachosema kuwa wakurugenzi hawatawajibika kwa makosa yao hakina nguvu kisheria. Aidha, anayeshiriki kwa kujua katika biashara ya kuwalaghai wadai anaweza kufungwa hadi miaka 10, kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Kampuni ikifilisika, mahakama inaweza kuwaamuru wakurugenzi walioendelea kukopa huku wakijua kuwa hailipiki wachangie kulipa madeni hayo.

Kabla ya kukubali uteuzi

Anayeombwa kuwa mkurugenzi asome katiba ya kampuni, aulize madeni yaliyopo, na atazame hesabu za karibuni. Wanachama wanaweza kupata hati ya CR12 kupitia eCitizen ili kuthibitisha wakurugenzi waliosajiliwa ni akina nani. Mkurugenzi anayepinga uamuzi ahakikishe pingamizi lake limeandikwa kwenye kumbukumbu, na anayejiuzulu ahakikishe Msajili wa Kampuni amejulishwa, kwani jina likibaki kwenye rejista, wadai wataendelea kumtafuta.